Dumu la njano juu ya meza

Kama umepita chuo cha ualimu hapa Tanzania hii sentensi unaijua hata ukiamshwa usingizini, tumeiandika sana kwenye maandalio ya somo: "kuwaongoza wanafunzi kwa mbinu ya bungua bongo kubainisha..." na hapo mbele unajaza chochote, majina ya matunda, matumizi ya wakati uliopita, faida za usafi. Alafu unaingia darasani unauliza swali lako, mikono mitatu inanyooka, ile ile mitatu ya jana na juzi, unaandika majibu ubaoni, unasema vizuri sana mpigieni makofi, basi, bungua bongo, yaani kumwaga mawazo pamoja, imekwisha na wale wengine wote hawajafungua mdomo.

Mi nimefundisha hivyo miaka mingi. Nipo Kigoma, mchana nafundisha Kifaransa sekondari, na jioni mbili kwa wiki nakaa na wafanyabiashara wanaovusha mizigo ziwani kwenda Kongo na Burundi. Siku hizi darasa langu limebadilika sana na watu wananiuliza nafanyaje, maana wanasikia tu kelele za Kifaransa zinatoka dirishani. Ni michezo. Ila sio michezo kwa jumla, ni kitu kimoja ndani ya michezo ambacho nilikuwa nakiruka: kabla kundi halijaanza kuongea, kila mtu aandike chake kwanza, kimya. Ukiruka hapo mchezo unabaki wa wenye sauti.

Nianze na kwangu mwenyewe maana ndiko kulikoanzia. Kifaransa nilikisoma kwa bidii zote, vitenzi nilikuwa navinyambua mbele nyuma, subjonctif, ile namna ya kitenzi inayowatoa watu jasho, mi nilikuwa naipenda kabisa. Nikaenda Bujumbura mara ya kwanza, asubuhi nikatoka kwenda sokoni, nikamkuta mama amepanga mananasi, nataka kumuuliza kitu kidogo tu, hili limeiva? na unaweza kunimenyea? Nikasimama pale. Maneno nilikuwa nayo, mûr nalijua, éplucher nalijua, ila yalikataa kujipanga yakatoka kwa wakati. Mama akasubiri kidogo akageukia mteja mwingine. Aliponirudia akaniuliza kwa Kiswahili, "Dada, nikupe lipi?" Iliniuma sana. Miaka yote ile darasani hakuna hata siku moja niliyoambiwa we tafuta namna kumi za kusema unachotaka kwa maneno hayo hayo uliyonayo. Niliambiwa toa jibu, jibu moja, na mwalimu analo tayari kwenye daftari lake.

Na huku kwetu Kifaransa sio pambo la cheti jamani. Ukishuka Kibirizi, bandari ya maboti hapa Kigoma, asubuhi unakuta maboti yanapakia saruji na bidhaa za kila aina kwenda Uvira, Baraka, Kalemie huko Kongo, na upande mwingine Burundi. Kiswahili kinakufikisha mbali, wenzetu wa ng'ambo wanakiongea kutwa, ila ukifika kwenye karatasi ni Kifaransa, facture yaani ankara, douane yaani forodha, risiti, mihuri yote. Mtu asiyejua kuuliza anasaini kitu ambacho hajakielewa, na wapo wengi.

Basi nikaanza kuleta michezo. Wa kwanza ulikuwa rahisi, nagawa darasa timu mbili, naandika ubaoni le marché, soko, kila timu itaje maneno mengi inavyoweza ndani ya dakika tatu, pointi moja kila neno. Kelele zake usipime. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuchungulia mara mbili. Watoto walifurahi, na mi nikarudi nyumbani nimeridhika. Wiki ya tatu nikasema ngoja niandike nani anasema nini, nikawa naweka alama kwenye daftari kila mtu akitaja neno. Darasa la watoto 54. Waliotaja walikuwa saba, na kati ya hao saba wawili peke yao walibeba zaidi ya nusu. Waliobaki walikuwa wanashangilia kama wapo uwanja wa Lake Tanganyika, wanapiga makofi, wanaruka, ila neno la Kifaransa hata moja halijawatoka. Nililitazama lile daftari nikaona nimewarudishia watoto wangu lile soko la Bujumbura, wamesimama na maneno kichwani na mteja mwingine anahudumiwa.

Nikaanza kusoma, nikakuta shida yenyewe ni ya zamani. Haya mambo ya kukaa kundi mkamwaga mawazo yalienezwa na Mmarekani anaitwa Alex Osborn, hakuwa mwalimu, alikuwa mtu wa matangazo ya biashara, ile "O" ya mwisho kwenye jina la kampuni ya BBDO ni yeye, na mwaka 1953 akatoa kitabu kilichoisambaza mbinu hii kila mahali. Masharti yake yalikuwa manne: msikosoane, toeni mengi, hata wazo la ajabu lipokeeni, na dakia la mwenzako uliongezee. Mi hayo yote bado nayatumia. Ila mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakalinganisha makundi ya watu wanne waliowaza pamoja kwa mdomo na watu wanne wanne waliowaza kila mtu peke yake alafu mawazo yao yakakusanywa, na wale wa peke yao ndio walitoa mengi zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu kubwa, kwamba kwenye kundi anaongea mmoja tu kwa wakati, wengine mnasubiri zamu, na ukiwa unasubiri wazo linakuponyoka, au unalishikilia lisikuponyoke na kwa hiyo huwezi kutafuta jingine.

Hao walikuwa wanawaza kwa lugha yao. Sasa chukua mtoto wangu wa kidato cha pili, nyumbani Kiha, mtaani Kiswahili, masomo mengine Kiingereza, Kifaransa ndio lugha ya nne. Ameshika neno lake, kwanza ajiulize ni le au la, yaani neno la kiume au la kike, alafu kitenzi kinaishia na nini, sentensi ameshaipanga vizuri kabisa kichwani, mara mwenzie mwenye sauti anapayuka, yote inamwagika, anaanza upya kuokota. Akimaliza kuokota mwalimu ameshafuta ubao. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima walimu wanasubiri muda gani baada ya kuuliza swali, akakuta mara nyingi ni kama sekunde moja. Sekunde moja! Walimu wakijizuia wakasubiri sekunde tatu au zaidi majibu yanakuwa marefu na watoto waliokuwa kimya wanaanza kuchangia. Nilijaribu kujipima na simu yangu, sikufika hata hiyo moja, swali langu lilikuwa halijaisha nishamchagua mtu.

Dawa niliikuta kwa Mjerumani, Bernd Rohrbach, ambaye mwaka 1968 aliandikia watu wa biashara mbinu moja nyepesi sana: watu sita, kila mmoja na karatasi yake, anaandika mawazo matatu ndani ya dakika tano, karatasi inasogea kwa jirani, jirani anasoma anaongeza matatu yake, hivyo hivyo mpaka imezunguka. Mwisho mna mawazo 108 na hakuna aliyeongea. Yeye alikuwa anatafuta mawazo ya biashara, mi nilipoisoma niliona somo la lugha limekamilika pale. Maana sharti ni usirudie kilichoandikwa, kwa hiyo karatasi ikikufikia lazima uisome, na unachosoma ni Kifaransa cha mtu wa kiwango chako juu ya kitu mnachokiwaza wote saa hiyo hiyo, alafu unadokoa kwake, unachukua mwanzo wa sentensi yake unageuza mwisho. Kitabu cha kiada hakijawahi kunipa hicho.

Siku ya kwanza kuijaribu niliingia darasani na dumu la njano la lita 20, lile la mafuta ya kupikia ambalo kila nyumba huku inalo. Nikaliweka juu ya meza, sikusema kitu. Ubaoni nikaandika mwanzo tu wa sentensi: Un bidon, c'est pour... Dumu ni la ku... Kuwauliza watu matumizi ya kitu kimoja sio wazo langu, mwanasaikolojia J. P. Guilford alikuwa anauliza hivyo kuhusu tofali, ila nikaona tofali mtoto atamaliza na kujengea, dumu analijua toka hajaanza shule.

Madawati tukayageuza yakatazamana, sita sita, kila mtu nusu karatasi ya A4. Dakika tano hazikutosha, mzunguko wa kwanza nikawapa saba, wa mwisho nane kabisa, kwa sababu karatasi ikishajaa kuisoma tu kunakula muda, na mizunguko nikafanya minne badala ya sita, vipindi viwili vya dakika 40 havibebi zaidi ya hapo. Ule ukimya nilikuwa sijawahi kuusikia kwenye lile darasa. Unasikia kalamu. Unasikia kuku wa mlinzi huko nje.

Mizunguko miwili ya mwanzo ilikuwa ya kawaida, pour puiser de l'eau, la kuchotea maji, pour garder l'huile, la kuwekea mafuta. Ya kawaida yakaisha, na mzunguko wa tatu ndio watoto wakaanza kutafuta kweli kweli, unaona mtu anaangalia dumu, anaangalia dari, anaandika. Pour s'asseoir, la kukalia. Pour faire un tambour, la kutengenezea ngoma. Mmoja akaandika pour apprendre à nager, la kujifunzia kuogelea, huyo ni mtoto wa Ujiji. Nikawa napita nyuma yao nasoma, nikafika kundi la karibu na mlango, pembeni ya karatasi pamebanwa mwandiko mdogo mdogo: Pour garder mon place dans la queue.

La kunishikia nafasi kwenye foleni.

Kama umekaa mtaa wenye bomba moja unajua anasema nini. Alfajiri dumu linatangulia, mwenye dumu anarudi kulala kidogo, na mstari wa madumu unaheshimiwa vile vile kama watu wamesimama wenyewe. Binti aliyeandika hivyo, tangu Januari mpaka Mei nilikuwa sijasikia sauti yake kwa Kifaransa, nikimwita jina anasimama anainamisha kichwa mpaka mi mwenyewe namwambia kaa. Nikaisoma sentensi yake kwa sauti bila kusema ya nani. Darasa likaripuka, c'est vrai, c'est vrai, ni kweli! Kijana mmoja akauliza, tena kwa Kifaransa bila kulazimishwa, "Et si quelqu'un déplace le bidon?" Na mtu akilisogeza je? Na yule binti akajibu. Hakusimama, alijibu amekaa hapo hapo, maneno matatu.

"On se bat."

Tunapigana. Nimefundisha muda mrefu na sikumbuki jibu lililonifurahisha kuliko hilo, liko sahihi, liko fupi, na ni la kwake.

Mon place ni kosa, place ni ya kike, ilitakiwa ma place. Pale pale sikugusa. Hapo namfuata Osborn kwa moyo wote, mawazo yakiwa yanatoka kalamu nyekundu ikae mfukoni, kwa sababu mtoto aliyehangaika miezi mitano kupata sentensi moja ukimwambia neno la kwanza "kosa" anarudi kule alikokuwa. Ila sikubaliani na wanaosema makosa yaachwe tu yatajirekebisha, hapana, mi siamini hilo. Kipindi kilichofuata niliandika ubaoni sentensi nane kutoka kwenye karatasi zao bila majina, ya kwake ikiwemo, nikawaambia kila kundi litafute zipi zinahitaji matengenezo, waandike kwanza kila mtu alafu wabishane. Tatu zilikuwa sahihi kabisa na nilizichanganya makusudi, maana mtoto akijua kila kilichoandikwa kina kosa anaotea tu. Nusu ya makundi waliiona mon place, nusu hawakuiona, wakabishana, mmoja akafungua kamusi, ikaisha hivyo.

Mchezo wa pili ninaoupenda ni ule wa herufi. Sisi tuliucheza nyuma ya madaftari, mmoja anahesabu alfabeti kimoyomoyo, mwingine anasema stop, herufi ikitoka mnaandika jina, nchi, mnyama, tunda, kitu. Wafaransa nao wanao, wanauita petit bac, na wana safu ya kazi, métier. Huu tayari ni wa kuandika kimya, ndio maana unafanya kazi hata bila kuujenga upya. Neno ulilolipata peke yako nawapa pointi mbili, mkilipata wengi moja, hapo mtoto anakimbia maneno rahisi mwenyewe bila kuambiwa.

Siku ilitoka F. Finlande, fourmi yaani sisimizi, na kwenye tunda kuna kundi walitoa fruit de la passion, pesheni, nikawasifu sana. Kwenye kazi kundi moja wameandika fundi.

Wenzao wakaruka juu, "Ça compte pas! C'est du swahili!" Haihesabiki, hicho ni Kiswahili! Kijana wa lile kundi akasimama akajitetea, naandika kama alivyosema: "Fundi, c'est quelqu'un qui répare. Il répare la radio, il répare le vélo, il répare la maison. En français, il y a quel mot pour tout ça?" Fundi ni mtu anayetengeneza, redio, baiskeli, nyumba, sasa Kifaransa neno gani linabeba yote hayo? Wakanyamaza. Alafu wakaanza kumrushia. Mécanicien! Hapana, huyo wa magari. Maçon! Huyo wa kujenga tu. Menuisier, wa mbao. Tailleur, wa nguo. Kila wakileta anawakatalia na kueleza huyo anafanya nini na hafanyi nini. Mmoja akapata technicien, akashangilia, mwenzie akamwambia "mais ça, c'est T!" lakini hiyo ni T! Binti ambaye mama yake ni wa Burundi akasema kwa Kirundi nako kuna umufundi. Wakapiga kura, wakampa pointi moja badala ya mbili.

Ubishi ule ulichukua zaidi ya dakika kumi na mi nilikuwa nimekaa kwenye dawati la nyuma sijasema neno. Quelqu'un qui, mtu ambaye, hiyo "qui" nilikuwa nimepanga kuifundisha wiki mbili mbele na jedwali lake na mazoezi, nikafuta kwenye andalio nikaandika "fundi" tukaanzia hapo. Na ndio ninachotaka walimu wenzangu wakione, kwamba ile dakika ya kimya ndio inayozaa hizi kelele. Mtu akiwa ameandika kitu ana cha kutetea. Asiyeandika atabishania nini?

Vitendawili navyo nimeviingiza, na hapo hatukuhitaji Mmarekani wala Mjerumani, bibi zetu walikuwa wanabungua bongo kila jioni. Naanza kwa Kiswahili, kitendawili! wanajibu tega! alafu natega kwa Kifaransa, "Ma maison n'a pas de porte," nyumba yangu haina mlango. Kila mtu aandike makisio matatu kwanza, hata aliyejua ni yai lazima atafute mengine mawili yanayoweza kukubalika, na hapo ndipo utamu ulipo maana yai wanalijua wote. Nilishapata une tombe, kaburi. Nilishapata un ballon, mpira. Wakishindwa kwa vitendawili vipya wanajua cha kufanya, unatoa mji, nakupa Tabora, nakupa Mwanza, nakataa, nakupa Zanzibar, haya nimefika Zanzibar nikala nikanywa, ndio nalitoa jibu. Nikawaambia Mfaransa akishindwa hatoi mji, anasema je donne ma langue au chat, naupa ulimi wangu paka. Darasa halikuamini. Kwa nini paka? Kwa nini ulimi? Na wao wakaniuliza swali zuri, kwa hiyo sisi tukishindwa kwa Kifaransa tunatoa nini, mji au ulimi? Tukakubaliana mji, ila useme kwa Kifaransa, "Je te donne la ville de Tabora." Sasa wanaitumia hata kwenye mambo mengine, nikimuuliza mtu swali akakwama ananipa mji, na mi naupokea na namsaidia, kwa sababu aliyetoa mji bado anaongea na mimi.

Kuhusu Kiswahili kwenye michezo hii, najua wengi tumekulia kwenye zile shule ukiongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Mi nilivishwa. Kilichonifundisha ni kukaa kimya, hakikuniongezea neno hata moja. Kwangu kila kundi linapewa vizibo vitatu vya soda, ukikwama neno unatoa kizibo unauliza comment dit-on, inasemwaje, Kiswahili unakitaja wazi, nakupa neno, mnaendelea. Vikiisha mtazunguka kwa maneno mliyonayo. Wanavitunza vile vizibo kama hela, wanajadiliana lipi linastahili kizibo na lipi tunaweza kulieleza wenyewe, na kulieleza wenyewe ndio hasa ninachokitaka.

Karatasi ni tatizo, sifichi, mtihani wa majaribio uliochapishwa upande mmoja naukata nusu natumia nyuma. Darasa likizidi sitini sijaweza kufanya vizuri, kuna kundi huwa linanitoroka. Na mwalimu mwenzangu ofisini aliniambia nawachezea watoto na mitihani inakuja. Nilimkaribisha aje akae nyuma, alikuja siku ya dumu la pili, alikaa mpaka mwisho.

Wale wa jioni, wafanyabiashara, ndio wamenifundisha kwamba hii sio ya watoto tu. Niliwapa hali moja: mteja yupo Kalemie, anataka mifuko 300 ya saruji, yupo kwenye simu, kabla hujapakia utamuuliza nini? Andikeni kila mtu peke yake, mchanganyo wa lugha ruksa, tutageuza baadaye. Mzee mmoja kuandika kunampa tabu, akawa anamnong'oneza kijana aliye kando yake anamwandikia. Maswali yakaanza kuja, qui paie le transport, nani analipa usafiri, en dollars ou en francs, qui paie la douane, qui décharge, nani anashusha. Tukayabandika kwenye manila. Karatasi ya yule mzee ilikuwa na swali moja tu, kijana kaliandika kwa Kiswahili: na mvua ikilowanisha saruji?

Wote wakageuka wakamwangalia. Nikamuuliza, "Mzee, hili umelitoa wapi?" Akaniambia, "Mwalimu mwanangu, hilo swali sikuliuliza mwaka mmoja, likanila mifuko arobaini." Tukakaa nalo jioni nzima. Et si la pluie mouille le ciment, qui paie? Aliniomba nimwandikie kwa herufi kubwa kwenye kipande cha manila, akakikunja akakiweka mfuko wa shati.

Ijumaa iliyopita nilikuwa Kibirizi natafuta dagaa, nikasikia naitwa, mwalimu, mwalimu! Ni yeye. Boti lake lilikuwa linapakia nyuma yake, vijana wanapita na mifuko mabegani. Hakunisalimia hata, alinyoosha mkono kama mtu anayeshika simu akaitamka yote kuanzia et si mpaka qui paie, karatasi haikutoka mfukoni.